Masisi na Walikale: Shule zimefunguka, lakini roho za watoto na walimu zingali vitani

Kila mwezi wa tisa, wakaaji wa Masisi na Walikale wanaulizana maneno yale yale. Shule gani imefunguka? Nani alichoma madawati kwa kupikia? Prime ya sekondari ni ngapi mwaka huu? Mwalimu gani amerudi, na nani amebaki kule alikokimbilia? Ni maulizo ya lazima. Lakini kuko ulizo moja ambalo tunaliacha nyuma: huyu mtoto anayerudi darasani, na huyu mwalimu anayemngoja mbele ya ubao, moyoni mwao kuko namna gani?

Tunaandika juu ya jambo hili kwa sababu maamuzi mengi ya vijana wetu, kuingia machimbo, kukamata silaha, kuolewa mapema, hata mwalimu kuacha chaki, tunayaeleza kwa neno moja tu: njaa. Njaa iko, hakuna anayekataa. Lakini watoto wawili wanaweza kuwa na njaa moja, huyu akabaki shuleni na yule akaenda porini. Mara nyingi tofauti yao inatoka kwenye roho iliyochoka na kukosa mtu wa kuisikiliza.

Vita isiyo ya jana

Wengi wanahesabu kuanzia mwisho wa mwaka 2021, wakati M23 ilianza tena mapigano. Huku kwetu tarehe tunazijua kwa miguu, juu ya kukimbia. Kitshanga ilianguka Januari 2023. Rubaya ilifuata mwisho wa Aprili 2024. Tarehe 4 Januari 2025 ilikuwa zamu ya Masisi-centre, na kabla ya mwezi kuisha Goma nayo ilichukuliwa. Mwezi wa pili, kambi kubwa za wahami kandokando ya Goma zilibomolewa, na familia nyingi za Masisi zilirudi kwenye vijiji ambavyo nyumba zake zilikuwa zimechomwa au kuporwa. Tarehe 19 Machi vita ilifika Walikale-centre, watu wakaingia msitu. Siku chache baadaye M23 ilitangaza kwamba inaondoka, na mwanzo wa Aprili mji ulibaki wazi.

Mwezi wa pili 2025, Unicef ilisema kwamba watoto 795.000 walikuwa nje ya masomo katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini, kutoka 465.000 mwezi wa kumi na mbili 2024. Zaidi ya shule na sehemu za masomo 2.500 zilikuwa zimefungwa.

Lakini tusidanganyane, vita yetu haikuanza 2021. Mwalimu aliyezaliwa mwaka 1985 alikuwa na miaka 8 wakati mauaji yalianzia Ntoto, katika Walikale, mwezi wa tatu 1993, na kuenea hadi Masisi. Alikuwa na miaka 11 mwaka 1996, na 13 mwaka 1998. Alipoanza kufundisha, CNDP ilikuwa inapigana milimani. Maana yake, mtu tunayemwomba leo amtulize mtoto wa vita ni yeye mwenyewe mtoto wa vita. Hakuna aliyemuuliza hata siku moja alilala namna gani.

Alama tunazoita utundu

Mtoto aliyepita kwenye hofu kubwa haji kwa mama yake kusema kwamba ana kiwewe. Anakionyesha kwa mwili na kwa matendo. Mdogo wa darasa la kwanza ao la pili anaanza tena kukojoa kitandani hata kama aliacha zamani. Anamshika mama nguo hataki kumwachilia. Mlango ukipigwa na upepo anaruka chini ya dawati. Mwingine ananyamaza kabisa, na kwa sababu hasumbui mtu, tunasema ni mtoto mzuri.

Mkubwa wa sekondari anaonyesha kwa njia ingine. Anapigana bila sababu. Anakaa darasani macho yakiangalia ubao, lakini akili haiko pale. Jana alijua kuhesabu, leo amesahau. Wengine wanaanza kasiksi na kanyanga wakiwa na miaka 14 ao 15, juu pombe inaleta usingizi ambao hawaupati.

Hii si ujinga wala uchawi. Mwili wa mtu ulioumbwa kukimbia hatari unabaki macho wakati hatari inakuja kila mwezi. Moyo unapiga haraka, masikio yanatafuta mlio, usingizi unakatika. Kichwa kinachofanya kazi hiyo usiku na mchana hakibaki na nguvu ya kukamata kanuni za hesabu. Ndiyo sababu fimbo haisaidii hapa. Mtoto anayeogopa ukimpiga, unamhakikishia tu kwamba darasani nako kuko hatari.

Tuseme pia upande wa pili, ili tusiogopeshe watu. Utafiti ambao OMS ilitoa mwaka 2019 unaonyesha kwamba katika nchi zenye vita, mtu mmoja hivi kati ya watano ana shida ya afya ya akili, kuanzia ile ndogo hadi ile nzito. Wengine wanne wanahuzunika, wanaogopa, lakini wanaweza kusimama tena kama maisha yao yanapata utulivu na watu wa kuwazunguka. Kwa hiyo si kila mtoto anahitaji daktari. Anachohitaji kila mtoto ni mtu mzima anayemwona.

Njia tatu zinazomngoja kijana

Mtoto asipoona kesho yake, anachagua leo. Hapa kwetu leo iko na milango mitatu.

Wa kwanza ni machimbo. Rubaya inatoa karibu 15 kwa mia ya tantale ya dunia nzima, ile inayoingia kwenye simu. Walikale iko na bati la Bisie na dhahabu sehemu nyingi. Kijana anayeona mwenzake amerudi kutoka shimo na viatu vipya hawezi kuona diploma ya miaka sita kuwa ni njia. Diploma inaomba kuamini kwamba miaka sita ijayo utakuwa hai, na kwamba mtihani wa serikali utafanyika. Kijana aliyekimbia mara nne katika miaka miwili, imani hiyo anaitoa wapi?

Wa pili ni bunduki. Ripoti za Umoja wa Mataifa zinasema mwaka kwa mwaka kwamba makundi ya pande mbalimbali yanaingiza watoto. Wengine wanakamatwa kwa nguvu, hilo linajulikana. Lakini wengine wanaenda wenyewe, na hapo ndipo wazazi tunapaswa kuuliza. Mtoto aliyeona baba yake akidharauliwa ao kuuawa anabeba hasira na haya pamoja. Kundi linampa silaha, linampa jina, linampa watu wanaomwita ndugu. Linajaza pahali ambapo sisi tuliacha tupu.

Sheria iko wazi. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inamtolea anayeingiza mtoto katika jeshi ao kundi la silaha kifungo cha miaka 10 hadi 20. Na si maneno ya karatasi tu: Novemba 2020, korti ya kijeshi huko Goma ilimhukumu Ntabo Ntaberi Sheka, aliyeongoza kundi la NDC katika Walikale, kifungo cha maisha, na kuingiza watoto vitani kulikuwa kati ya makosa yake. Lakini hukumu inakuja wakati mtoto ameisha kuwa mtu mzima, na hairudishi miaka yake ya darasani.

Mlango wa tatu ni ndoa, na huo ni wa binti. Familia iliyopoteza shamba na ng'ombe inaona posa kama pumzi. Binti naye, kama aliguswa kwa nguvu njiani ao shambani na hakumwambia mtu, anaweza kukubali mume yeyote ili aitwe mke wa fulani na maneno ya kijiji yanyamaze. Kanuni ya familia inasema miaka 18 kwa msichana na kwa mvulana. Wazazi wengi wanaijua. Lakini binti akiisha kukata tamaa, hakuna anayemwomba sheria imtetee, hata yeye mwenyewe.

Mwalimu anayebeba wengine

Tangu mwaka 2019, shule ya msingi ni ya bure katika nchi yetu. Wazazi walifurahi, na ilikuwa haki, katiba ilikuwa inaisema tangu 2006. Lakini madarasa yalijaa, na walimu wengi wanaoitwa NU na NP, wasiokuwa kwenye orodha ya malipo, walipoteza ile prime ya wazazi bila kupata mshahara. Kisha vita ilikuja juu yake. Mabenki ya Goma yalifungwa mwisho wa Januari 2025, na hata mwalimu mwenye jina kwenye orodha ilibidi atafute namna ya kufikia feza yake, kwa safari ao kwa kukatwa kiasi.

Mwalimu huyu anaingia darasani na watoto 70 ao 80. Wengine walizika wazazi, wengine ni watoto wa watu ambao kijiji kinawaita maadui. Hakupewa mafunzo ya jambo hilo. Jioni anarudi nyumbani, mwenye nyumba anadai, mtoto wake mwenyewe anakohoa. Tukisikia kwamba mwalimu fulani anakunywa, ao anapiga watoto kupita kiasi, ao amepotelea karieri, tunasema ameharibika. Tungeuliza kwanza nani alimtunza. Haimaanishi kwamba kupiga mtoto kunakubaliwa. Inamaanisha kwamba hatuwezi kuponya darasa kwa kumwacha mwalimu mgonjwa.

Si chakula kwanza?

Kuko wanaosema: watu wanakosa unga, ninyi mnaleta maneno ya saikolojia ya wazungu. Tunawasikia. Mtu mwenye njaa hatulizwi na mazungumzo, na mashirika mengine kweli yalikuja na semina, yakapiga picha, yakaenda. Lakini wazee wetu hawakungoja mzungu kujua kwamba roho inaumwa. Matanga tunakaa siku nyingi na mfiwa ili asibaki peke yake. Barza tunaketi pamoja mpaka mwenye uchungu amalize kusema. Kilichotokea ni kwamba kukimbia kumetutawanya. Mtu anamzika mtoto wake njiani, kesho yake anaendelea kutembea, matanga hayafanyiki. Kazi hiyo ya zamani ndiyo tunapaswa kuirudisha, na shule ndiyo pahali ambapo watoto wanakutana kila siku.

Yanayoweza kufanyika sasa

La kwanza ni ratiba. Kengele ya saa ile ile, wimbo ule ule asubuhi, mwalimu yule yule. Inaonekana kitu kidogo, lakini kwa mtoto ambaye kila kitu kimegeuka, kujua kitakachofuata kunamtuliza.

La pili ni kusikiliza bila kulazimisha. Msaada wa kwanza wa kisaikolojia, ambao OMS inafundisha hata kwa watu wasio waganga, uko na hatua tatu: kuangalia, kusikiliza, na kumfikisha mtu kwenye msaada. Usimlazimishe mtoto asimulie mbele ya wenzake aliyoyaona. Kumfungua kidonda mbele ya watu kunaweza kumzidishia. Mwambie tu kwamba uko tayari siku atakapotaka.

La tatu ni mchezo. Mpira, ngoma, kuchora, kusimuliana hadithi. Direkta anayekata saa ya mchezo ili kumaliza programu anapoteza vyote viwili.

La nne ni walimu kukutana wao kwa wao, nusu saa kwa juma, bila prefe kuandika ripoti. Kila mmoja aseme wiki yake ilikuwa namna gani.

La tano ni kujua mpaka wetu. Mtoto anayesema anataka kufa, asiyekula siku nyingi, anayesikia sauti, ao aliyebakwa, huyo apelekwe kituo cha afya mara moja, na aliyebakwa afike kabla ya saa 72 kupita. Huduma ya kuzungumza na wagonjwa wa moyo inapatikana kwenye hospitali kuu ya Masisi, inayosaidiwa na MSF tangu 2007, na Goma kuko Tulizo Letu, kituo cha Ndugu wa Upendo. Kwenda kule si kuwa mwendawazimu.

Kwa wenye silaha, ombi ni moja: muachie shule ziwe shule. Congo ilitia sahihi tangazo la kimataifa la kulinda shule wakati wa vita. Darasa lililolala askari usiku, mtoto hawezi kuliamini asubuhi.

Mwaka 2025 mikataba ilisainiwa, Washington tarehe 27 Juni, na Doha tarehe 19 Julai. Tunaomba iwe kweli. Lakini siku bunduki zitanyamaza, watoto wa Masisi na Walikale watabaki na vita ndani yao kwa muda. Mzazi unayesoma habari hii, leo jioni, kabla ya kumuuliza mtoto alipata pointi ngapi, muulize alilala namna gani. Na ukikutana na mwalimu wake njiani, yeye pia muulize.