Kiburi cha Kongwa na Sikio la Naamani



Likitajwa neno kiburi kanisani, wengi wetu humfikiria jirani asiyeitikia salamu, au tajiri apitaye na gari lake akiwatimulia wenzake vumbi. Hicho nacho ni kiburi, ila ni kidogo. Maandiko Matakatifu yanashughulika zaidi na kiburi cha mwenye madaraka asiyeona sababu ya kuuliza. Farao alikuwa nacho, na wajenzi wa Babeli vilevile. Sisi wa nyanda za kati tunayo kumbukumbu yake karibu na nyumbani, pale Kongwa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilipungukiwa na mafuta ya kula. Ujumbe uliotumwa mwaka 1946 ulizunguka kwa wiki chache tu, ukiitazama nchi kwa sehemu kubwa kutoka ndani ya ndege. Mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa. Nia ilikuwa kulima karanga katika ekari zaidi ya milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika, kwa paundi milioni 25 hivi. Yakaletwa matrekta yaliyosalia vitani, na hata vifaru vilivyogeuzwa kuwa mashine za kung'oa visiki. Vichaka vya miiba vikavunja mashine. Udongo mfinyanzi, ambao mvua ikiisha hukauka ukawa kama saruji, ukazishika karanga zisichimbike. Mvua yenyewe ikaja kwa namna ambayo mzee yeyote wa Kigogo angeieleza bila kudai malipo: leo gharika, kisha kimya. Januari 1951 mpango ukaachwa, na zaidi ya paundi milioni 36 zikawa zimepotea.

Mgogo wa wakati ule alikuwa bado anaikumbuka njaa kuu ya Mtunya, iliyoua watu wengi mwishoni mwa Vita ya Kwanza. Alipanda uwele na mtama, akatawanya mashamba yake, akawakabidhi ndugu wa mbali baadhi ya ng'ombe wake ili ukame usiwamalize wote. Hiyo ilikuwa elimu, tena iliyolipiwa kwa makaburi. Katika hesabu za wakubwa haikupewa uzito.

Mtume Yakobo, katika sura ya nne ya waraka wake, anawakemea wafanyabiashara wanaopanga safari na faida ya mwaka mzima hali hawajui ya kesho. Hakatazi kupanga, anachokemea ni kupanga kana kwamba hakuna aliye juu yetu. Nasi tungethubutu kuongeza: wala aliye chini yetu. Msomeni Naamani katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya tano. Jemadari yule alipona ukoma kwa sababu alisikiliza mara mbili: kwanza maneno ya kijakazi aliyetekwa vitani, kisha ya watumishi wake mwenyewe, alipokuwa amekwisha kukasirika na kugeuza njia. Unyenyekevu wake ulikuwa katika masikio.

Tusijifariji kwamba hayo ni ya Waingereza. Katika Operesheni Dodoma ya mwaka 1971, Mwalimu Nyerere alikwenda Chamwino akafyatua matofali pamoja na wanakijiji. Hata hivyo, katika kuhamishia watu vijijini miaka ile, wako watendaji waliotanguliza amri kuliko mazungumzo. Lakini Mwalimu huyohuyo, mwaka 1984, alikiri hadharani kwamba kufuta serikali za mitaa na vyama vya ushirika kulikuwa makosa. Ni viongozi wangapi tuliowasikia wakisema hivyo wangali na madaraka mikononi?

Nasi mapadre tumo. Miaka kadhaa iliyopita tulichimba lambo katika kigango kimoja, kwa fedha za wafadhili na kwa haraka yetu. Wazee wawili na mama mmoja mjane walituonya kwamba korongo lile huhama. Tuliwashukuru kwa adabu, tukaendelea. Masika ya pili yalibomoa tuta lote, na akina mama wakarudi kwenye safari ya saa mbili kutafuta maji. Sisi tulikuwa na maji parokiani.

Tuseme pia jambo moja ambalo mahubiri yetu hulisahau. Kumwambia mkulima anayenyang'anywa shamba lake "uwe mnyenyekevu" ni kulitumia vibaya neno la Mungu. Bikira Maria, mnyenyekevu kuliko sisi sote, aliimba juu ya wakuu kushushwa kutoka vitini mwao. Mnyonge anayesimama katika mkutano wa kijiji na kudai aonyeshwe hesabu hana kiburi. Kiburi ni cha yule anayeudhika kwa kuulizwa.

Ukarabati wa lambo lile utajadiliwa katika kikao kijacho cha halmashauri ya walei. Tumeomba wazee wale wawili na yule mama waketi mbele, waseme kwanza, kabla ya fundi na kabla yetu.