Barua ya Wazi kwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania: Wenye Uzamivu na Kazi Nje ya Chuo

Kwa Katibu Mtendaji,
Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania.

YAH: AJIRA ZA WAHITIMU WA UZAMIVU NJE YA VYUO VIKUU

Shahada ya uzamivu ni ngazi ya 10, ya juu kabisa katika mfumo wa tuzo za vyuo vikuu unaosimamiwa na Tume. Anayeisoma kwa muda wote hutumia miaka mitatu au zaidi: huandika pendekezo la utafiti, huomba vibali, hukusanya data, huandika tasnifu na kuitetea mbele ya watahini. Taratibu zote hizo zimejengwa juu ya dhana kwamba anayehitimu ataingia darasani kufundisha. Kwa wengi haiwi hivyo, na safari yao ya kutoka chuoni kwenda kwenye kazi nyingine haina mwongozo wowote.

Dhana hiyo ilikuwa na sababu njema. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 chini ya Chuo Kikuu cha London, na kilipokuwa chuo kikuu cha taifa mwaka 1970 kilihitaji Watanzania wa kushika nafasi za wageni. Uzamivu ndio uliomtoa mhadhiri msaidizi na kumfikisha kwenye uhadhiri. Hitaji hilo halijaisha: mradi wa serikali wa kuboresha elimu ya juu (HEET), ulioanza mwaka 2021 kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, unasomesha wahadhiri pamoja na kujenga madarasa na maabara. Ni fedha zinazotumika mahali panapostahili. Wanaosoma uzamivu, hata hivyo, si wahadhiri peke yao.

Wapo wahadhiri wasaidizi walioruhusiwa kwenda masomoni. Mshahara wao unaendelea na nafasi zao zinawasubiri. Wapo watumishi wa wizara na mashirika wanaosoma huku wakifanya kazi, ambao wakimaliza hurudi kwenye meza ileile na mara nyingi kwenye majukumu yaleyale. Kundi la tatu ni la vijana walioingia kwa ufadhili wa mradi wa utafiti au kwa fedha za familia, bila mwajiri nyuma yao. Mradi ukifungwa, na posho inakoma. Hao ndio kanuni za masomo zinawasahau, na ndio barua hii inawahusu zaidi.

Mlango wa kufundisha wenyewe ni mwembamba kwao. Matangazo ya nafasi za kufundisha kwa kawaida hudai wastani wa 3.8 katika shahada ya kwanza na 4.0 katika uzamili. Aliyepata 3.6 akiwa na miaka 22, kisha akafanya utafiti mzuri na kutetea tasnifu yake vizuri, bado anazuiwa na matokeo ya zamani. Kuna hoja za kulinda ubora katika sharti hilo. Lakini chuo kinachompokea kwenye uzamivu mtu ambaye vyuo havitamwajiri kina wajibu wa kumwandalia njia nyingine, au angalau kumweleza hali hiyo siku ya kwanza.

Nje ya chuo anakutana na ukuta wa namna nyingine. Miundo ya utumishi wa umma kwa kazi nyingi za kiofisa huanzia shahada ya kwanza, Daraja la II. Mwenye uzamivu akiomba, huingia sawa na aliyehitimu mwaka jana, na miaka yake ya utafiti haihesabiwi kuwa uzoefu wa kazi. Katika sekta binafsi hofu ni tofauti: mwajiri hudhani atadai mshahara mkubwa, au atarudi chuoni nafasi ikitokea. Wasifu anaoupeleka huongeza hofu hiyo, kwa sababu alifundishwa kuorodhesha makala na makongamano. Hausemi kwamba aliongoza wasaidizi kumi wa utafiti vijijini, alisimamia bajeti, alisafisha data za kaya mia kadhaa na kuandika ripoti ambayo mfadhili aliikubali. Hizo ni kazi halisi, zenye soko katika Ofisi ya Taifa ya Takwimu, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, mabenki, kampuni za bima na taasisi za afya.

Kwa walio juu njia ipo. Benno Ndulu alifundisha uchumi Dar es Salaam kabla ya kuwa Gavana wa Benki Kuu mwaka 2008, na Florens Luoga, mwanasheria wa chuo hichohicho, akamrithi mwaka 2018. Taifa lilinufaika na usomi wao. Walipita kwa uteuzi, wakiwa tayari na majina makubwa. Kijana wa miaka 33 hana wa kumteua.

Kazi za kumfaa nje ya chuo zipo, na Kiswahili ni mfano ulio karibu zaidi. SADC iliifanya lugha hii kuwa rasmi mwaka 2019, sheria ya mwaka 2021 ikaifanya lugha ya mahakama nchini, na Umoja wa Afrika ukaipitisha kuwa lugha yake ya kazi mwaka 2022. Kazi ya kutafsiri sheria, kusanifisha istilahi, kukalimani na kuhariri imeongezeka ghafla. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) hutoa uzamivu wa Kiswahili, na aliyetumia miaka minne katika semantiki au isimu-kamusi anafaa sana kwa kazi hiyo. Inasikitisha kwamba anaweza kuhitimu bila kuwahi kukaa hata mwezi mmoja katika chumba cha mahakama au ofisi ya mchapishaji.

Ufaransa ililishughulikia jambo hili mapema. Tangu mwaka 1981, chini ya mpango wa CIFRE, kampuni humwajiri mwanafunzi wa uzamivu kwa miaka mitatu, serikali huipa kampuni ruzuku, na tasnifu hutokana na tatizo halisi la kampuni huku maabara ya chuo ikisimamia utafiti. Tanzania haina mfuko wa ukubwa huo, ila inaweza kuanza na taasisi za umma ambazo tayari zinafanya utafiti, Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) ikiwa kiungo.

Yaliyo ndani ya uwezo wa Tume ni haya. Mwongozo uruhusu msimamizi wa pili kutoka nje ya chuo pale mada inapodai, na miezi michache ya kazi katika taasisi ihesabiwe kuwa sehemu ya masomo. Kila chuo kiwasilishe taarifa ya walipo wahitimu wake wa uzamivu mwaka mmoja na miaka mitano baada ya kuhitimu, na taarifa hizo zichapishwe ili anayeomba nafasi azione kabla ya kulipa ada. Suala la miundo ya utumishi liko nje ya mamlaka ya Tume. Linahitaji kikao na Ofisi ya Rais, Utumishi, pamoja na Sekretarieti ya Ajira. Kikao hicho kinaweza kuanza na kada chache ambazo utafiti ndiyo kazi yao ya kila siku: takwimu, udhibiti wa dawa, jiolojia na tafsiri ya sheria.