Miaka Yake Iandikwe Kama Ilivyo

Kocha wa watoto humwuliza mchezaji mgeni maswali mawili. La kwanza: unacheza namba ngapi? Hilo hujibiwa upesi, na mara nyingi jibu ni tisa, maana hakuna mtoto anayetaka kukaa golini. La pili: una miaka mingapi? Hapo mtoto humtazama mwenzake, mwenzake humtazama kocha, na umri hupatikana kwa mapatano.

Vakansi kubwa ikikaribia, makartie hukusanya timu za watoto na wazazi huombwa waandikishe. Msimamo wetu kwa wazazi wa Eringeti ni huu: andikisheni, wavulana kwa wasichana. Ila papa au mama aende mwenyewe, asimtume kaka mkubwa. Alione daftari kwa macho, na asiondoke mpaka jina la mtoto na mwaka wake wa kuzaliwa vimeandikwa vilivyo. Jezi, viatu, na nani awe kapiteni, hayo yanaweza kungoja.

Makocha hupunguza miaka kwa sababu inalipa. Kijana wa miaka 16 akichezeshwa na wa 12, kombe linakuja nyumbani, pengine na mbuzi juu yake. Kartie inashangilia, na wa kumlaumu kocha hapatikani. Yule mwenye miaka 12 kweli ndiye anayeachwa benchi, au anaingizwa uwanjani kukabwa na mtu mwenye kifua cha mbeba mbao. Akivunjika mguu, bili ya hospitali ni ya mama yake. Mashabiki humcheka beki mwenye ndevu katika kundi la minime, na beki mwenyewe hucheka. Sisi hatujaona cha kuchekesha.

Wapo pia wasiodanganya, ila hawajui. Utafiti wa kitaifa wa 2013-2014 ulikuta kwamba katika Kongo yetu mtoto mmoja tu kati ya wanne walio chini ya miaka mitano ndiye aliyekuwa ameandikishwa serikalini. Ule wa 2017-2018 ukakuta asilimia 40. Watoto waliohesabiwa humo ndio hao wanaogombania mpira vumbini leo. Na hizo ni hesabu za nchi nzima, Kinshasa ikiwemo, wakati Eringeti imepita mahali ambapo Kinshasa haikupita. Tangu Oktoba 2014, waasi wa ADF walipoanza kuua raia kijiji kwa kijiji katika eneo la Beni, watu wa hapa wamekimbia na kurudi, wakakimbia tena: kusini kwenda Oicha na Beni, kaskazini kwenda Komanda. Tarehe 29 Novemba 2015 ADF waliingia Eringeti penyewe, na hata wagonjwa hospitalini hawakusalimika. Nani angekumbuka kubeba cheti cha kuzaliwa siku kama ile?

Lakini kukosa cheti si kukosa kumbukumbu. Mwulize mama mtoto wake alizaliwa lini. Akiikosa tarehe, atakueleza alikimbia akiwa na mimba ya miezi mingapi, au mtoto alikuwa ameanza kusimama au bado. Kuna Oktoba 2014. Kuna Novemba 2015. Kuna Agosti 2018, Ebola ilipotangazwa kule Mangina, na Juni 2020 ilipotangazwa kwisha. Kuna Mei 2021, jimbo letu lilipowekwa chini ya wanajeshi. Ni kalenda ya huzuni, lakini inaaminika kuliko kumfungua mtoto kinywa na kumhesabu meno. Aliyekuwa tumboni miezi minane siku hospitali iliposhambuliwa alizaliwa mwisho wa 2015 au mwanzo kabisa wa 2016. Huyo hawezi kuwa na miaka 12 kila vakansi.

Kwa hiyo kocha akae na mzazi dakika kumi. Wakishapata mwaka, wauandike, na mzazi atie sahihi au dole gumba. Daftari linalojazwa kwa haraka, watoto thelathini kwa robo saa huku mpira unadundwa pembeni, ni orodha ya majina ya utani.

Kwa wanaodhani mwaka mmoja si kitu, tuwakumbushe mchezaji Silas. Tarehe 21 Januari 2024, San-Pédro, Leopards, timu yetu ya taifa, walikuwa nyuma ya Morocco kwa bao moja, na Silas akasawazisha. Huyo huyo ndiye ambaye Juni 2021 timu yake ya Stuttgart, Ujerumani, ilitangaza kwamba jina alilokuwa akichezea, Silas Wamangituka, halikuwa jina lake rasmi. Anaitwa Silas Katompa Mvumpa, na alizaliwa 1998, si 1999. Kwa maelezo ya timu hiyo, aliyekuwa wakala wake ndiye aliyebadili jina na mwaka kijana alipofika Ulaya, kisha akamshika kwa uongo huo huo: karatasi zake, malazi yake, mpaka akaunti yake ya benki. Silas alijitokeza mwenyewe akasema ukweli. Chama cha mpira cha Ujerumani kikamfungia miezi mitatu na faini juu. Mwaka mmoja tu ulipunguzwa, na aliyelipa si wakala.

Eringeti hakuna Stuttgart. Lakini watu wa kuahidi hawakosekani popote penye watoto wanaocheza vizuri: wanapiga picha kwa simu, wanataja majaribio ya Kampala, ya Dubai, ya Ulaya, kisha wanataka dola za viza. Mzazi ajue jambo moja. Kanuni za FIFA haziruhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishwa kwenda nchi nyingine, isipokuwa katika hali chache, kwa mfano wazazi wakihamia huko kwa sababu zisizo za mpira. Anayemwahidi mtoto wa miaka 14 wa Eringeti mkataba wa Ulaya amuoneshe mzazi ni hali ipi kati ya hizo chache, kabla dola hata moja haijatoka mfukoni.

Na kwa viongozi wa timu wasioguswa na maneno ya huruma, tuzungumze pesa. Mchezaji anapouzwa kabla mkataba wake kwisha, kutoka nchi moja hadi nyingine, FIFA inataka asilimia 5 ya malipo yagawiwe timu zilizomlea tangu mwaka aliofikisha miaka 12 hadi 23. Msimu mmoja kati ya miaka 12 na 15 una robo ya asilimia ya bei yote. Piga hesabu: mchezaji akiuzwa kwa euro milioni 10, timu iliyokaa naye misimu hiyo minne inadai euro 100,000. Tangu Novemba 2022 malipo hayo hupitia ofisi maalumu ya FIFA iliyoko Paris, nayo haimlipi mtu kwa sababu kartie nzima inakumbuka kwamba "tulimfundisha sisi". Inatazama usajili: timu inayotambuliwa na chama cha mpira cha Kongo (FECOFA), jina, tarehe. Mtoto aliyeandikishwa kwa jina la binamu yake na mwaka wa kubuni hajulikani huko. Kocha aliyempunguzia miaka miwili ili apate mbuzi ameiuza timu yake kwa mbuzi.

Hatuwauzii wazazi ndoto. Wengi wa watoto hawa hawatauzwa popote, watalima kakao na kuendesha pikipiki, na hakuna ubaya. Ndiyo maana daftari lina kazi ya karibu zaidi, nayo inatugusa kuliko euro za Paris.

Eringeti iko kwenye barabara ya taifa namba 4, karibu kilomita 60 kaskazini mwa mji wa Beni, mlangoni mwa Ituri. Mechi ya ugenini Oicha ni karibu nusu ya njia hiyo, na hakuna mzazi asiyejua njia hiyo imekula watu wangapi. Milio ya risasi ikisikika dakika ya sitini, kocha atahesabu watoto wake kwa daftari au kwa kukisia? Atajua wa kumpigia simu? Watoto wengi hapa hawalali kwa wazazi wao. Yupo aliyekimbia kijiji akafikia kwa shangazi, yupo anayelelewa na bibi, yupo ambaye simu ya baba haijashika tangu mwaka jana. Daftari lisilosema mtoto analala kwa nani halijamwandikisha mtoto. Tunataka liwe na jina lake, mwaka wake, jina la mlezi, avenyu, na namba mbili za simu, ya pili ya jirani mwenye chaji.

Tunataka pia watu wazima wawili katika kila safari, kamwe si mmoja, na mama mmoja awemo timu ya wasichana inapotoka. Tunataka mechi ianze mapema ili kila mtoto awe kwao jua likingali juu. Kama wakuu wa usalama wamesema njia si nzuri wiki hii, mechi iahirishwe, na timu isinyang'anywe pointi kwa kutofika. Komite inayotoa pointi za mezani kwa sababu wenzao waliogopa kupita Mayimoya, njiani kwenda Oicha, ijiulize inachezesha nini.

Kuhusu ada, maneno machache. Mpira, chokaa na maji ya kunywa vina bei, na mwenye uwezo atoe. Lakini familia iliyofika juzi na godoro kichwani isidaiwe franka sawa na mwenye duka. Timu inayowafungia nje watoto wa waliohama imewafungia nje baadhi ya wachezaji wake wazuri, na kocha yeyote mwenye macho analijua hilo.

Wageni wakialikwa kufungua mashindano hupenda kusema kwamba mpira unaleta amani. Hatuamini. Waliochinja watu wetu hawakukosa mpira. Tarehe 7 Februari 2024, Abidjan, nusu fainali ya Kombe la Afrika, Leopards waliziba midomo kwa mkono mmoja na kuweka vidole viwili kichwani mfano wa bastola wakati wimbo wa taifa unaimbwa, ili dunia ione yanayotupata mashariki. Dunia iliona, kisha mechi ikaanza. Mpira wa watoto hufanya jambo dogo kuliko amani: humweka mtoto mahali panapojulikana, saa tisa hadi saa kumi na moja, mbele ya mtu mzima anayemjua kwa jina. Jambo dogo hilo linatutosha, mradi lifanywe sawasawa.

Limebaki deni la serikali. Sheria inataka mtoto aandikishwe ndani ya siku 90 baada ya kuzaliwa, na ndani ya muda huo haidai malipo. Zikipita, mzazi anahitaji hukumu ya mahakama ya watoto, na hapo huanza safari, mashahidi, na pesa ambazo mlima kakao hana. Sheria ya kulinda mtoto ya 10 Januari 2009 inampa kila mtoto haki ya kuandikishwa. Haikuandika kwamba ni kwa watoto ambao vijiji vyao havikuchomwa.

Pendekezo letu ni jepesi. Siku timu zinapoandikisha, karani wa serikali wa kuandikisha watoto naye alete meza yake kiwanjani. Wazazi wapo, watoto wapo, shefu wa kartie na nyumbakumi wapo, na mashahidi waliokimbia pamoja na mama huyo mwaka 2015 wamesimama pale pale wakitazama mazoezi. Ambao siku zao 90 hazijapita, yaani wadogo walio mgongoni, waandikwe hapo hapo. Waliopitiliza, majina yao yakusanywe kwa pamoja, na mahakama iombwe iwasikilize kwa kundi badala ya kumwita kila mama peke yake. Komite za mpira nazo zikubali kazi moja isiyo na makofi: kulinganisha daftari la mwaka huu na la mwaka jana. Mtoto aliyekuwa na miaka 12 mwaka jana na ana 12 mwaka huu, kocha wake aitwe aeleze.

Kuna makocha watakaosema hawana daftari, wao wanawajua watoto wote kwa sura. Daftari la kurasa 96 linauzwa sokoni, kando ya chumvi na sabuni. Kalamu pia. Wanunue kabla ya siku ya kuandikisha.