TAHARIRI: Toyota ilidanganya, mkaguzi akafungua injini

Simama kando ya barabara kwa dakika kumi, iwe Bunia, Butembo, Goma, Bukavu ao Uvira, utahesabu Toyota hadi uchoke. Land Cruiser za mashirika, taksi za Corolla, Probox zilizobeba watu na magunia kupita kiasi. Shofa yeyote wa kwetu atakuambia kwa nini: gari hilo linavumilia barabara mbaya, na vipuri vyake vinapatikana hata sokoni.

Sifa hiyo haikuletwa na matangazo peke yake. Timu ya mashindano ya Toyota imeijenga kwa karibu miaka 70, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanyika kwenye vumbi na matope ya Afrika ya Mashariki. Historia ya timu hiyo ina ushindi mwingi. Ina pia aibu moja kubwa, na aibu hiyo ndiyo tunataka msomaji aiangalie kwa makini.

Mwanzo ulikuwa mdogo. Mwaka 1957 Toyota ilipeleka gari moja aina ya Crown katika mashindano ya kuzunguka Australia, safari ya kilomita zipatazo 17,000. Lilimaliza katika nafasi ya 47. Kwa wengine hiyo ingekuwa sababu ya kurudi nyumbani kimya. Wajapani walifurahi kwamba gari lao lilifika.

Katika miaka ya 1970, dereva mmoja wa Sweden, Ove Andersson, alianza kuendesha Celica za Toyota katika rali za Ulaya, kisha akaunda timu iliyoitwa Toyota Team Europe. Karakana yake ilikaa kwanza Ubelgiji, halafu ikahamia Köln, Ujerumani. Andersson alizijua njia za Afrika: mwaka 1975 yeye mwenyewe alishinda Safari Rally ya Kenya, lakini akiwa katika Peugeot 504. Alielewa kwamba huko anayeshinda si lazima awe mwenye mbio kuliko wote. Gari likivunjika kati ya mawe, mbio zake zinakuwa bure.

Kazi hiyo ilizaa matunda. Mwaka 1984 Björn Waldegård alishinda Safari akiwa na Celica ya turbo. Mwaka 1985 ilikuwa zamu ya kijana wa Finland, Juha Kankkunen, ambaye hakuwa ameshiriki Safari hata mara moja kabla ya hapo. Mwaka 1986 Waldegård akarudia. Mwaka 1993 Toyota ilichukua nafasi nne zote za kwanza, na katika mwaka huohuo ikawa kampuni ya kwanza ya Japani kutwaa ubingwa wa dunia wa watengenezaji katika rali. Mwaka 1994 ikautwaa tena. Carlos Sainz, Kankkunen na Didier Auriol, wote walipata ubingwa wa madereva wakiwa ndani ya Celica.

Timu hiyo ilikuwa na kila kitu: pesa, mafundi, madereva na heshima. Tukumbuke hilo, kwa sababu watu husema kwamba mtu hudanganya kwa sababu ya njaa. Toyota ya 1995 haikuwa na njaa.

Kanuni ya rali wakati huo ilikuwa wazi. Hewa yote inayoingia kwenye turbo ilipaswa kupita katika kipande chenye tundu la milimita 34, ili nguvu za injini zisipite kiasi na mashindano yawe ya haki. Mwezi wa kumi mwaka 1995, katika rali ya Catalunya kule Uhispania, wakaguzi wa FIA, shirikisho la kimataifa la magari, walifungua turbo za Toyota. Walikuta kipande hicho kimetengenezwa kwa namna ya ajabu. Kilipofungwa kwenye gari, kilisogea kidogo na kuacha nafasi ambapo hewa ya ziada ilipita pembeni. Fundi alipokifungua ili kikaguliwe, springi zilikirudisha mahali pake. Kwa macho, kila kitu kilikuwa sawa.

Max Mosley, aliyekuwa mkuu wa FIA, alikiri kwamba katika miaka 30 ya michezo ya magari hakuwa ameona ujanja wa akili kama ule. Lakini hakuishia kwenye kustaajabu. Timu ilinyang'anywa pointi zote za mwaka ule na ikafungiwa miezi 12. Madereva nao walipoteza pointi zao, ijapo hakukuwa na ushahidi kwamba walijua. Kankkunen alikuwa akipigania ubingwa. Ukaondoka mikononi mwake.

Hapo ndipo sisi tunapotaka kusimama. Aliyehukumiwa hakuwa timu ndogo isiyo na mtetezi. Alikuwa bingwa wa dunia, kampuni kati ya kubwa kabisa duniani, ambayo magari yake yalivuta watazamaji katika kila rali. Kulikuwa na sababu nyingi za kufumba macho. Mkaguzi hakufumba. Hakukubali kuonyeshwa kipande kikiwa mezani. Alitaka kujua kinafanya nini kikiwa ndani ya gari.

Na adhabu haikuiua timu. Mwaka 1997 Toyota ilirudi na gari jipya, Corolla. Mwaka 1998 Sainz alikosa ubingwa kwa sababu injini yake ilikufa katika rali ya mwisho, mita mia chache tu kabla ya kumaliza. Mwaka 1999 ubingwa wa watengenezaji ulirudi Köln, safari hii bila ujanja wa springi.

Baadaye kampuni iliingia katika Formula 1, kuanzia 2002 hadi 2009. Ilitumia pesa nyingi sana na haikushinda hata shindano moja. Mwisho wake ulikuwa kujiondoa. Mwaka 2016, katika mashindano ya masaa 24 ya Le Mans, gari lake lililokuwa likiongoza lilizimika zikiwa zimebaki dakika tatu hivi, na Porsche ikachukua ushindi. Miaka miwili baadaye Toyota ilishinda Le Mans, na ikaendelea kushinda hadi 2022. Katika rali, ilirudi mwaka 2017. Tangu Safari Rally iliporejeshwa katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, Toyota ilishinda kila mwaka hadi 2025, na katika 2022 na 2023 ilichukua tena nafasi zote nne za mbele.

Tungeweza kumaliza hapo na kusema kwamba mkosaji alijirekebisha, hadithi ikaisha vizuri. Ingekuwa nusu ya ukweli. Mwezi wa sita mwaka 2024, Akio Toyoda, mwenyekiti wa kampuni na mtu aliyeirudisha kwenye rali, aliinama mbele ya wandishi wa habari kuomba radhi. Toyota ilikuwa imekiri kwamba majaribio ya kuidhinisha aina saba za magari hayakufanywa kwa kufuata kanuni za serikali ya Japani. Kati ya hizo kulikuwa na Corolla Fielder, gari ambalo wengi wetu tumelipanda kama taksi. Kampuni ilisema usalama wa magari haukuguswa, lakini wakaguzi wa wizara waliingia katika ofisi zake, na utengenezaji wa aina tatu ukasimamishwa.

Kwa hiyo somo si kwamba Toyota ni wabaya, wala kwamba sasa wamekuwa watakatifu. Aliyekamatwa jana anaweza kuteleza kesho, hata akiwa na jina kubwa na nia njema. Ndiyo maana ukaguzi hauwezi kufanywa mara moja tu, na hauwezi kuwachagua wadogo ukiwaacha wakubwa.

Wakaaji wa mashariki mwa Kongo hawahitaji kufundishwa maana ya ukaguzi usiokagua. Tunaijua barabara ambapo gari linasimamishwa mara tano, na hakuna hata mmoja anayeangalia breki wala matairi. Mkono unapita dirishani, noti inabadilisha mfuko, gari lenye abiria kumi na watano linaendelea kuteremka mlima. Linapoanguka, tunazika watu wetu na kusema ni mapenzi ya Mungu. Ni hivyohivyo kwa daraja linalosainiwa kabla ya kujengwa, na kwa dawa zinazopita mpakani bila kufunguliwa hata katoni moja. Karatasi iko sawa. Kipande kiko mezani, na kwa macho kila kitu ni safi.

Tunawaomba wenye mamlaka wasituletee vizuizi vingine barabarani. Tunavyo vya kutosha. Watuletee wakaguzi wachache wanaolipwa kwa wakati, wenye bisibisi mkononi na ruhusa ya kufungua gari la tajiri kama wanavyofungua la maskini. Na sisi abiria tuache kumnung'unikia yule askari mmoja anayekataa noti na kututeremsha wote ili aangalie breki. Anatuchelewesha, ndiyo. Mwaka 1995 mtu kama yeye alimchelewesha bingwa wa dunia kwa miezi 12, na bingwa alirudi akashinda.