SAFU YA ELIMU NA KAZI: Dakika 20 Mbele ya Wahandisi



Kijana wetu mmoja, mhandisi mkaazi wa hapa Sur, alialikwa kuzungumza katika kongamano la wahandisi huko Maskati. Alipewa dakika 20, na mada aliichagua mwenyewe: vyombo vya kushonwa. Wakubwa wake wa kazi wangekuwamo ukumbini, naye hakuwahi kusimama mbele ya mkutano wa namna ile. Kwa hivyo alituomba tumsikilize kwanza nyumbani kwao.

Usiku wa kwanza alitutembeza dunia nzima. Tulianza na Ibn Majid na pepo za kusi na kaskazi, tukapita kwenye mitepe ya Lamu, tukamsikia Marco Polo akivilaumu vyombo vya Hormuz visivyokuwa na misumari. Hapo dakika 20 zilikuwa zimekwisha. Akaendelea mbio mbio hadi kwenye meli za gesi za Qalhat, picha baada ya picha. Alipomaliza, bibi yake, aliyekulia Unguja na kusokota kamba utotoni, akamwuliza: “Baba, hizo kamba zikikaa katika maji ya chumvi haziozi?” Kijana hakuwa na jibu.

Juma la pili akaja na kamba tupu: majedwali ya nguvu za nyuzi na hesabu za mkazo. Sikuona kosa katika hesabu zake, lakini baada ya dakika 10 hakuna aliyekumbuka kamba ile inafunga nini. Wala tusidhani kuwa wahandisi wangestahamili zaidi yetu. Mjenzi wa madaraja si lazima ajue mambo ya mashua.

Rai yangu kwake ilikuwa atafute kitu kimoja ambacho mengine yote yanapita ndani yake. Kitu hicho kilikuwa karibu. Mwaka 1980, hapa hapa Sur, Tim Severin alijengewa jahazi Sohar, lisilo na msumari katika mbao zake. Mbao zilitoka Malabar, na washonaji walitoka visiwa vya Laccadive. Kamba za makumbi zilizotumika zilifika karibu maili 400. Jahazi liliondoka Maskati Novemba 1980, likatia nanga Canton Julai 1981. Kwa kisa hicho kimoja msikilizaji anaiona Bahari ya Hindi nzima bila ya kuhutubiwa historia yake, na dakika tatu zinatosha.

Zilizobaki ni za mshono. Ubao hukutanishwa na ubao ukingo kwa ukingo, matundu yakatobolewa, nyuzi za makumbi zikalazwa juu ya kiungo, kamba ikapitishwa na kukazwa, kisha matundu yakazibwa. Msumari wa chuma hushika kutu, na chombo kigumu kikipiga mchanga hupasuka. Kilichoshonwa hulegea kidogo na kurudi. Hapo ndipo hesabu zake za mkazo zilipopata mahali pa kukaa, na jedwali moja likatosha badala ya tisa.

Jibu la kuoza alilipata kwa bibi mwenyewe. Makumbi hufukiwa pwani miezi mingi, nyama yake ioze, kisha hupigwa mpaka zibaki nyuzi peke yake. Zinazobaki ni zile ambazo maji ya chumvi yamekwisha kuzijaribu.

Picha alizoziondoa hakuzitupa. Aliziweka nyuma ya ile ya mwisho, tayari kwa maswali. Nilimsisitiza pia asome kwa sauti huku saa i mbele yake, kwani kusoma kimoyomoyo hudanganya.

Alizungumza dakika 18. Swali la kwanza aliloulizwa lilihusu kuoza kwa kamba. La pili lilihusu gharama ya kujenga chombo kama kile leo, na hilo hakulijua, akasema hivyo.

Wabillahi tawfiq.