Ratiba ya Shule Ianze kwa Mwanafunzi

Wakazi wa Ngerengere hawahitaji kufundishwa maana ya ratiba. Reli ya zamani ya kati, iliyofika Morogoro mwaka 1907, ni ya njia moja. Treni iendayo bara na ile iendayo pwani hupishana stesheni tu. Ratiba ya shule nayo ina sharti kama hilo: mwalimu hawezi kuwa katika vyumba viwili kwa wakati mmoja, wala mwanafunzi hawezi.

Sharti la mwalimu halisahauliki, kwa kuwa mwalimu akigonganishiwa vipindi atalalamika siku hiyo hiyo. La mwanafunzi husahauliwa kwa urahisi. Kwa maoni yangu, hilo ndilo jambo la kwanza la kuzingatiwa na kila mwalimu wa taaluma anayeacha karatasi ya manila na kuanza kutumia programu ya kompyuta.

Wapo wanaodhani kwamba kompyuta itapanga yote. Mwaka 1976 wanasayansi Shimon Even, Alon Itai na Adi Shamir walithibitisha kuwa hata ratiba iliyo sahili kwa kuitazama yaweza kuwa miongoni mwa matatizo yasiyo na njia ya haraka inayojulikana ya kuyatatua katika kila hali. Programu hujaribu mipango mingi kwa kasi, lakini haimjui Asha wala Juma. Inajua tu makundi iliyoelezwa.

Chukua programu ya FET, iliyoanzwa na Liviu Lalescu wa Romania, ambayo hutolewa bure. Humo wanafunzi hupangwa kwa ngazi tatu: mwaka, kundi na kikundi. Kikundi ni wanafunzi ambao masomo yao yote ni yale yale. Makundi mawili yanayoshiriki kikundi kimoja hayapangiwi vipindi vya wakati mmoja.

Tufikirie Kidato cha Tatu chenye mikondo A na B. Kila mwanafunzi ama anasoma fizikia ama haisomi. Tena anachagua kilimo, biashara au kompyuta. Kwa hesabu, 2 × 2 × 3 ni vikundi 12. Mwalimu akiviingiza vyote, programu itavilinda hata vile visivyo na mtoto hata mmoja, na ratiba huenda ikashindikana bila sababu. Akiingiza mikondo miwili tu, itambidi aandike fizikia na biashara kuwa kipindi kimoja kilichogawanywa. Ratiba itatoka safi, na mwanafunzi aliyetaka yote mawili ataambiwa aache moja.

Shule ikiwa na mwalimu mmoja tu wa fizikia, ugumu huzidi. Wanafizikia wa A na B wakiunganishwa darasa moja, wakati huo hakuna mkondo unaoweza kupangiwa somo la lazima. Wenzao nao lazima wapatiwe la kusoma.

Yapo majibu kwamba walimu ni wachache na kila ombi haliwezi kutimizwa. Ni kweli. Lakini Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, imeweka mkondo wa jumla na mkondo wa amali, na mwaka 2024 tahasusi za kidato cha tano zilitangazwa kuwa 65. Mtoto anaambiwa achague. Ikiwa shule haiwezi, na iseme hivyo mbele ya wazazi, kabla ya uchaguzi na kwa takwimu, badala ya kuacha kisanduku cha ratiba kimkatalie kimya kimya njia ya kwenda kwenye uhandisi au uganga.

Basi, kabla ya kuwasha kompyuta, mwalimu na aorodheshe wanafunzi wote na masomo waliyoyachagua. Wenye masomo yale yale wawe kikundi kimoja. Vikundi vitupu vifutwe. Chenye mtoto mmoja kisifutwe. Pale mgongano utakapobaki, shule itajua ni watoto wangapi unaowagusa, na mkuu wa shule atakata shauri akijua anachokiamua.