Mnamrudishia Blixen Shamba

"Ile ni nyumba ya Mzungu, yatuhusu nini?" Hukosi kuisikia kauli hii kila jumba la Karen Blixen, mwandishi wa Denmaki aliyekuwa na shamba la kahawa chini ya vilima vya Ngong, linapotajwa. Wasemaji hujiona wazalendo. Mimi naona wanamrudishia yule mama shamba ambalo hata kwa hati si lake tena: Denmaki iliinunua nyumba ikaipa Kenya, zawadi ya uhuru.

Nyumba ilijengwa mwaka 1912 na Msweden, Åke Sjögren. Blixen aliingia 1917, akaondoka 1931. Miaka kumi na minne tu. Na mibuni haikujipalilia. Walioipalilia na kuichuma ni Wakikuyu walioitwa maskwota, na sheria ya 1918 iliwadai siku zisizopungua 180 za kazi kila mwaka, ndipo waruhusiwe kuishi na kulisha mbuzi wao kwenye ardhi ambayo serikali ya kikoloni iliigawa bila kuwauliza. Nusu ya mwaka! Halafu mjukuu wao anasema pale hapamhusu.

Nakubali, makumbusho yenyewe yamechangia kosa. Yalifunguliwa 1986, mwaka mmoja baada ya filamu maarufu kuhusu maisha yake Blixen, na mgeni bado huoneshwa vitanda na viti, kisha hupigwa picha kwenye nyasi zilizonyolewa vizuri. Mitambo ya kahawa iko kule bustanini. Ningekuwa na usemi, ziara ingeanzia kwenye chuma kile, pamoja na habari kwamba kahawa ilishindwa kwa sababu shamba lilikuwa juu mno, penye baridi. Ingepitia jikoni kwa Kamante Gatura, mpishi, ambaye masimulizi yake mwenyewe yalichapwa kitabuni 1975. Kitanda kingesubiri.

Shamba lilipouzwa likatwe viwanja, maskwota waliamriwa kutoka. Wao walitaka jambo moja: wasitawanywe, wahamie pamoja na mifugo yao. Blixen aliwasihi wakubwa wa serikali kwa niaba yao hadi wakapewa sehemu ya msitu wa Dagoretti. Viwanja vile ndio mtaa wa Karen wa leo, wenye ua mrefu na mbwa wakali, na humo ndani utatafuta alama ya maskwota hadi uchoke.

Imebaki nyumba na bustani yake. Bomoeni basi, mjenge maghorofa. Siku mjukuu wa skwota atakaposema babu yake alifukuzwa shambani hapo, ataulizwa: shamba gani?